Lori Dogo la Kikundi: Matatizo ya Kawaida na Namna ya Kuyashughulikia



Katika vikundi na sharika tunazofanya nazo kazi hapa Nyalikungu na katika vijiji vingine vya wilaya ya Maswa, swali moja limekuwa likijirudia mikutanoni: kwa nini lori lililonunuliwa kwa michango ya watu wengi linasimama muda mrefu kuliko linavyotembea? Linanunuliwa likiwa zima, linafanya msimu mmoja wa pamba na mmoja wa mpunga, kisha linaegeshwa chini ya mti likisubiri fedha za matengenezo.

Katika makala hii tunaeleza matatizo ya kawaida ya malori madogo, hasa Mitsubishi Canter, ambayo tunayaona mengi katika eneo letu. Mengi ya haya yanahusu pia Isuzu Elf na Toyota Dyna. Sisi si mafundi. Tumejifunza kwa kulitunza lori la mradi wetu, kwa kukaa gereji na mafundi, na kwa kosa tulilolifanya wenyewe. Tunaona ni vema tuanze na kosa hilo.

Kosa letu

Lori letu lilikuwa likitoka Malampaka na magunia ya mahindi. Juu ya magunia walikaa watu wanne waliokuwa wameomba lifti, akiwemo mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Katika mteremko mfupi unaoshuka kwenye daraja, dereva alikanyaga breki, pedeli ikashuka karibu hadi chini na breki zikakamata kidogo sana. Alirudisha gia, akaliingiza lori kando kwenye majaruba ya mpunga, likazama kwenye tope na kusimama. Mama yule alivunjika mkono. Mtoto hakuumia, na kwa hilo tunamshukuru Mungu.

Kesho yake fundi alifungua gurudumu la mbele la kulia. Alikuta ruba ya silinda ya breki imechakaa na mafuta ya breki yamevuja yote. Breki za nyuma, ambazo ndizo zilizobaki, zilikuwa hazijarekebishwa kwa muda mrefu.

Siku tisa kabla ya ajali hiyo dereva alikuwa ametuambia, "Mratibu, gari inavuta kushoto nikikanyaga breki." Nasi tulimjibu, "Maliza kwanza safari hizi, tutaiangalia mwisho wa mwezi." Utingo naye alikuwa akiongeza mafuta ya breki kila baada ya siku mbili, wala hakuna aliyemuuliza mafuta hayo yanakwenda wapi. Ruba ile inaenea kwenye kiganja cha mkono, na bei yake haifikii bei ya gunia moja la mahindi.

Ndipo tulipoelewa kwamba lori kwa kawaida haliharibiki ghafla. Hutoa dalili kwanza, na mara nyingi dalili hizo hurudiwa. Anayeharibu ni yule anayeambiwa akanyamaza.

Kwa nini malori ya huku huchoka mapema

Barabara kuu inayopita Maswa kwenda Bariadi sasa ina lami, lakini mazao hayalimwi kando ya lami. Lori huyafuata mashambani, katika udongo mweusi wa mbuga. Wakati wa mvua udongo huo hunata na kujaa kwenye magurudumu, na injini hufanya kazi kubwa kwa mwendo mdogo. Wakati wa kiangazi hugeuka vumbi jembamba linaloingia kwenye filta, beringi na breki.

Jambo la pili ni mzigo. Malori mengi ya aina hii yametengenezwa kubeba tani 2 hadi 4, kutegemea modeli. Magunia 60 ya kilo 100 ni tani 6. Pamba nayo hudanganya macho kwa namna nyingine: ni nyepesi, hivyo hupangwa juu sana, na lori linakuwa rahisi kupinduka kwenye kona hata kama uzito haujazidi.

Uzito wote wa lori pamoja na mzigo ukiwa mara mbili, joto ambalo breki zinapaswa kulimeza nalo huwa mara mbili. Mwendo ukiwa mara mbili, joto hilo huwa mara nne. Kwa hiyo dereva mwenye mzigo mzito asiyepunguza mwendo anazidai breki kazi ambayo hazikuundwa kuifanya.

1. Breki

Unapokanyaga pedeli, mafuta ya breki husukuma silinda ndogo katika kila gurudumu, nazo husukuma breki shuu zigusane na dramu. Dalili za kuangalia ni hizi:

Lori kuvuta upande mmoja. Upande mmoja unakamata na mwingine haukamati, ama kwa sababu ya mafuta yanayovuja, ama shuu zilizoisha, ama marekebisho yasiyo sawa. Likivuta kushoto, anza kutazama kulia.

Pedeli kuwa laini kama sponji. Kuna hewa ndani ya mabomba. Hewa hutolewa kwa watu wawili: mmoja anakanyaga pedeli na kuishikilia, mwingine anafungua kidogo nati ya kutolea hewa kwenye gurudumu na kuifunga kabla pedeli haijaachiwa. Hurudiwa mpaka mapovu yaishe, gurudumu kwa gurudumu.

Mafuta ya breki kupungua. Yakipungua kidogo kidogo kwa miezi, huenda shuu zinaisha. Yakipungua kwa siku chache, yanavuja. Kuongeza bila kutafuta mvujo ni kuahirisha ajali.

Kamwe msitie oili ya injini au dizeli kwenye kopo la mafuta ya breki, hata kama mko porini. Ruba zote zitavimba na kuharibika. Msitumie pia mafuta ya breki yaliyokaa muda mrefu kwenye chupa iliyo wazi, kwa sababu mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. Kwa kiwango cha kimataifa, mafuta mapya ya DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 205, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka mteremkoni hutoa mvuke, na pedeli hushuka bila kukamata.

Liko na suala la hendibreki. Katika Canter nyingi hendibreki haikamati magurudumu. Hukamata dramu iliyo nyuma ya giaboksi, kwenye propela shafti. Kwa hiyo propela ikifunguliwa au ikikatika, hendibreki haipo tena. Vilevile, ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu huliruhusu gurudumu hilo kuzunguka, na lori linaweza kutembea hata kama hendibreki imevutwa. Kabla mtu hajalala chini ya lori, weka kabari za mbao au mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini.

Mwisho, dereva asizime injini mteremkoni kwa lengo la kubana dizeli. Msaada wa breki hutegemea injini inayozunguka. Injini ikizimika, baada ya kukanyaga mara chache pedeli huwa ngumu kama jiwe.

2. Injini kuchemsha

Hapa kwetu tuko juu kuliko Ziwa Victoria, ambalo lenyewe lipo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo maji katika sufuria iliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 96, si 100. Mfuniko wa rejeta una springi inayoyabana maji ili yasichemke mapema. Mfuniko ukilegea, au ukibadilishwa na kitambaa kilichofungwa kwa mpira, injini huchemsha hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Sababu nyingine za kawaida ni matope na makapi ya pamba kuziba rejeta kwa nje, feni belti kulegea, mipira ya maji kupasuka, na kutu kuziba rejeta kwa ndani kwa sababu ya kutumia maji ya lambo. Rejeta husafishwa kwa maji yenye nguvu ndogo, kutoka upande wa injini kuja mbele. Maji ya nguvu kubwa hulaza mapezi yake.

Kuna mazoea ya kuondoa themostati injini inapochemsha. Themostati hufunga njia ya maji injini ikiwa baridi, na kuifungua ikishapata joto, karibu na nyuzi 80. Katika baadhi ya injini themostati hiyo hiyo ndiyo inayoziba njia ya mkato, ili maji ya moto yapite kwenye rejeta. Ukiiondoa, sehemu ya maji huzunguka bila kupozwa, na injini huendelea kuchemsha. Ikiharibika inunuliwe nyingine.

Mshale ukipanda kuelekea alama nyekundu, simama. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto, kwa maana maji yataruka na kuunguza uso. Subiri nusu saa au zaidi. Usimwage maji ya baridi kwenye injini ya moto, hedi inaweza kupasuka. Baada ya kupoa, kama maji yanatoa mapovu mfululizo injini ikinguruma, au oili imekuwa kama chai ya maziwa, gasketi ya hedi imeungua au hedi imepasuka. Hapo safari imekwisha, tafuteni lori la kuvuta. Kulazimisha kilomita 10 zaidi kunaweza kugeuza kazi ya gasketi kuwa kazi ya kununua injini.

3. Dizeli, hewa na moshi

Lori likizimika lenyewe na stata ikizungusha injini bila kuwaka, mara nyingi limevuta hewa, au filta ya dizeli imeziba. Dizeli inayouzwa kwenye madumu vijijini huwa na maji na uchafu. Maji hukaa chini ya filta. Fungua koki ya chini, uyaache yatoke hadi dizeli safi ionekane. Ni afadhali pia kuchuja dizeli ya dumu kwa kitambaa safi, na kuiacha itulie usiku mmoja kabla ya kuitia.

Kutoa hewa si kazi ngumu, na kila dereva ajifunze. Fungua kidogo nati ya kutolea hewa juu ya filta, bonyeza pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu, funga nati, endelea kubonyeza mpaka pampu iwe ngumu, kisha piga stata. Hewa ikirudi baada ya siku chache, kuna mpira au washa inayovuta hewa. Itafutwe.

Moshi nao husema. Moshi mweusi mzito maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa. Kwanza tazama filta ya hewa, kwani msimu wa vumbi huziba upesi, ndipo ufikirie nozeli na pampu. Moshi wa bluu maana yake injini inaunguza oili. Moshi mweupe asubuhi kwa dakika chache ni kawaida. Ukiendelea injini ikiwa ya moto, huenda dizeli haiungui vizuri au maji yanaingia ndani ya silinda.

Lori lisitembee bila filta ya hewa hata siku moja. Vumbi la mbuga likiingia kwenye silinda husaga piston ringi kama msasa.

4. Springi, propela na nati za magurudumu

Springi zikikatika, wengi huongeza nyingine ili lori libebe zaidi. Kufanya hivyo kunahamisha mzigo kwenda kwenye chesisi, ekseli na matairi, ambavyo havikuongezwa. Tafuteni kwanza sababu. Mara nyingi ni U-bolti zilizolegea. Zikilegea, springi hucheza, senta bolti hukatika, na ekseli husogea kutoka mahali pake. Springi ikibadilishwa, U-bolti zikazwe upya baada ya safari ya kwanza yenye mzigo.

Mtikisiko unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, au mlio wa "kang" unapoachia klachi, huonyesha krosi au senta beringi ya propela imechakaa. Krosi hufa kwa kukosa grisi. Piga grisi kila wiki katika msimu wa kazi, na kila mara lori linapotoka kwenye maji au tope.

Malori mengi ya zamani ya Japani yana nati za kushoto zinazofungwa kinyume. Tumewahi kumwona kijana akikata bolti mbili kwa kuning'inia kwenye spana, akidhani nati ina kutu, kumbe alikuwa akiikaza. Magurudumu ya nyuma yaliyo mawili mawili huweza kuwa na nati mbili kwa kila bolti: ya ndani hushika gurudumu la ndani, ya nje hushika la nje. Ukikaza ya nje tu, la ndani linaweza kuwa limelegea. Legeza ya nje, kaza ya ndani, kisha kaza ya nje, moja moja bila kuzilegeza zote kwa pamoja. Baada ya kubadilisha tairi, kaza tena mkishatembea kilomita 50 hadi 100. Kutu nyekundu inayochora mistari kutoka kwenye nati ni dalili kwamba gurudumu linacheza.

Matairi mawili yanayokaa pamoja yawe na kimo kimoja na upepo sawa. Lisipokuwa hivyo, moja hubeba mzigo wa yote mawili na kupasuka. Tazama pia kama kuna jiwe limenasa katikati yake.

5. Umeme

Canter nyingi hutumia volti 24 kutoka kwenye betri mbili za volti 12 zilizoungwa kwa mfuatano. Kosa la kawaida ni kuunga redio au chaja ya simu kwenye betri moja tu. Betri hiyo huchoka, nyingine hujazwa kupita kiasi, na baada ya muda zote hufa. Tumieni kifaa cha kupunguza volti 24 kuwa 12. Betri zibadilishwe zote mbili kwa pamoja, zikiwa za aina moja. Kabla ya kulaumu betri, safisha vichwa vyake na uvikaze, kisha angalia belti ya altaneta. Fyuzi ikiungua, isibadilishwe kwa waya au karatasi ya sigara. Moto wa lori lenye pamba hauzimiki kwa mchanga wa koleo moja.

Nani aseme, na nani asikie

Mambo haya yote yanajulikana kwa madereva wengi. Tatizo kubwa tuliloliona vikundini halipo kwenye injini. Dereva mara nyingi ni kijana, na mwenyekiti ni mzee wake. Mzee akisema lori liondoke saa kumi na moja alfajiri, kijana hawezi kusimama mbele ya wazee akasema haliondoki. Husema mara moja kwa sauti ndogo, kisha hutii. Sisi pia tulikuwa "mzee" wa aina hiyo kwa dereva wetu.

Baada ya ajali tulifanya mambo matatu, ambayo tunayapendekeza kwenu.

Kwanza, daftari la lori. Kila asubuhi dereva na utingo hutazama maji, oili, mafuta ya breki, belti, matairi, nati, taa, na chini ya lori kama kuna mvujo. Huandika na kutia sahihi. Kila kilichoongezwa huandikwa kiasi chake. Kama daftari lingekuwepo wakati ule, tungeona mafuta ya breki yakiongezwa mara nne katika siku tisa.

Pili, orodha ya dalili zinazosimamisha safari, iliyopitishwa na mkutano na kubandikwa ndani ya mlango wa lori: breki kuvuta upande au pedeli kushuka, usukani kucheza, nati au bolti ya gurudumu kukosekana, mafuta ya breki kuvuja, injini kuchemsha. Ikitokea mojawapo, lori haliondoki, na kijana hahitaji kubishana na mtu. Anaonyesha karatasi iliyosainiwa na wazee wenyewe.

Tatu, mfuko wa matengenezo. Tunatenga sehemu moja ya kumi ya mapato ya kila safari kabla ya kugawa chochote, na fedha hizo hazikopeshwi kwa ajili ya msiba, sherehe wala mbegu. Yapo malalamiko, hasa msimu wa pamba unapoanza na kila mtu anahitaji fedha. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa lori ukuta huo unaweza kuwa ni mguu au uhai wa mtu.

Tuliongeza pia la nne, gumu kuliko yote: hakuna anayepanda juu ya mzigo. Si rahisi kumwacha mama mwenye mtoto barabarani jua likizama, na tunajua wasomaji wengi mtatuona hatuna huruma. Yule mama bado tunakutana naye sokoni Nyalikungu. Mkono wake uliunga, ila haunyooki sawasawa, na ndoo ya maji huibeba kwa mkono wa pili. Hajawahi kutulaumu. Kila tunapomwona tunakumbuka maneno yetu wenyewe: "Tutaiangalia mwisho wa mwezi."

Tunawaomba mkisoma makala hii mwenyekiti na dereva waketi pamoja, wafungue boneti, na mwenyekiti aulize swali moja: "Kijana wangu, ni kitu gani umetuambia kuhusu gari hili nasi hatukusikia?" Kisha anyamaze asikilize.